Jina la Gazeti

Tarehe 22 Juni 2017 Rais John Magufuli alikuja Bagamoyo kuzindua barabara ya lami ya Bagamoyo, Makofia hadi Msata, kilomita 64. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni isiyo mbali na barabara hiyo. Sisi wanafunzi tuliipenda lami kwa sababu nyepesi kabisa: ukienda likizo hufiki nyumbani umegeuka rangi kwa vumbi. Hotuba tuliisikia jikoni, kwenye redio ndogo ya mpishi iliyofungwa betri kwa raba. Katikati ya hotuba Rais akayaacha mambo ya barabara akaingia kwenye mambo yetu. Alisema kwamba maadamu yeye ndiye rais, msichana aliyepata mimba hatarudi shuleni. Nakumbuka makofi. Mpishi aliendelea kuchambua mchele.

Pale jikoni tulikuwa wasichana sita. Mmoja hakupiga makofi, hakununa, hakusema neno. Wiki chache baadaye tulipimwa mkojo wote, mabweni yote, kwa foleni, kila mmoja na kikopo chake, na jioni ile hakuwepo tena. Godoro lake lilikuwa limekunjwa na kusimamishwa ukutani. Hakuna mwalimu aliyesema chochote, nasi hatukuuliza. Kesho yake tulikuwa na mtihani wa baiolojia.

Sikukusudia kuandika habari zake. Nilikuwa natafuta mada ya tasnifu ya shahada ya umahiri, jambo la historia ya vyombo vya habari, na katika kusoma historia ya waandishi wanawake wa nchi hii nikakutana na mwaka 1979. Mwaka huo waandishi wachache wanawake walianza kukutana Dar es Salaam, wakaamua kutengeneza vipindi vya redio kwa pamoja. Mada waliyoichagua ilikuwa mimba za wanafunzi.

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Mama yangu mwenyewe alikuwa bado mtoto mchanga mwaka 1979.

Inabidi kukumbuka hali ya habari ilivyokuwa. Bara kulikuwa na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Magazeti ya kila siku yalikuwa mawili: Uhuru la chama na Daily News la serikali, na ndugu zao wa Jumapili, Mzalendo na Sunday News. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifunga gazeti kwa tangazo tu. Mwandishi mwanamke alikuwa mtu wa kuhesabika, na akiajiriwa, mara nyingi alitarajiwa kuandika mapishi, malezi na maonyesho ya mitindo. Kuamua, katika mazingira hayo, kwenda hewani kuzungumzia msichana wa darasa la saba aliyepewa mimba, na kuuliza ni nani aliyempa, lilikuwa jambo la kuthubutu. Kikundi hakikudumu. Kilififia, kama vifiavyo vikundi visivyo na ofisi wala fedha, na ambavyo mabosi wa wanachama wake hawavipendi.

Kilichokirudisha ni mambo kadhaa yaliyokutana. Mwaka 1985 Nairobi ilipokea mkutano wa tatu wa dunia wa wanawake ulioitishwa na Umoja wa Mataifa, na wanawake wa Afrika Mashariki hawakuhitaji pasipoti nzito kuufikia. Mwaka huohuo Nyerere aliachia urais, Mwinyi akashika, na mambo yakaanza kulegea kidogo kidogo. Novemba 1987 chama kikasajiliwa: Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA. Mwenyekiti wake wa mwanzo alikuwa Fatma Alloo, Mzanzibari aliyepitia chumba cha habari cha Daily News. Miongoni mwa waanzilishi walikuwemo Edda Sanga, ambaye sauti yake wasikilizaji wa Radio Tanzania waliijua kuliko sura yake, Leila Sheikh na Ananilea Nkya.

Nimekaa na majina haya kwa mwaka mzima sasa, na nimegundua ugumu wa kuyaandikia. Tukisema habari za mwandishi mwanamke mtetezi wa haki, vichwa vyetu vinakwenda moja kwa moja kwenye gereza, uhamisho au utekaji. Maria Sarungi Tsehai alipotekwa Nairobi tarehe 12 Januari 2025 na watu wenye silaha, na kuachiwa baada ya saa kadhaa, sote tulijua siku hiyo kwamba hiyo ni historia. Hatari hutambulika haraka. Lakini maisha ya kina Fatma Alloo wa mwaka 1987 yalikuwa ya mikutano ya jioni baada ya kazi, kubishana juu ya kichwa cha habari, kuomba taipureta, kumbembeleza mhariri mwanamume aipe habari yao ukurasa wa kwanza. Nani anaandika wasifu wa kikao? Nafikiri hii ndiyo sababu majina yao hayamo katika vitabu vya shule, wala si kwamba walifanya kidogo.

Mwaka 1988 walianzisha jarida lao. Wangeweza kuliita Mwanamke, au Sauti ya Wanawake, au jina lolote kati ya yale yanayopendwa na wafadhili. Waliliita Sauti ya Siti.

Siti ni bibi, mwanamke wa heshima. Lakini kwa mtu wa pwani Siti ni mmoja tu, binti Saad, mwimbaji wa taarab, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake asili yake ilikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua. Anayekaa Bagamoyo hawezi kuyasoma makabila hayo mawili bila kugeuza shingo: Wanyamwezi ndio waliokuwa wakishuka na misafara ya pembe kuja kuitua hapa, na Uzigua ni bara ya nyuma yetu, ukivuka mto Wami kuelekea kaskazini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukapigwa marufuku kisheria visiwani mwaka 1897. Huyu mtoto alizaliwa katikati ya tarehe hizo mbili, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu, akavitembeza kichwani akinadi. Akaingia mjini, akafundishwa kuimba, akaimba mbele ya masultani. Heshima ya Siti alivishwa baadaye.

Mwaka 1928 yeye na wenzake, Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk na Maalim Shaaban, walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Zikauzwa pwani nzima. Shaaban Robert alimwendea kabla hajafariki mwaka 1950, akaandika wasifu wake. Wengi wetu tulimkutia humo, darasani, tukajibu maswali ya mtihani kuhusu maadili ya mhusika mkuu. Nilipata alama nzuri. Sikuwa nimeelewa kitu.

Kwa sababu tuliyofundishwa ni kwamba Siti alikuwa na sauti nzuri. Haikuelezwa kwamba alikuwa gazeti. Watu wasiojua kusoma walikuwa wengi, na yeye mwenyewe hakusoma shule, lakini mambo ya mtaa yaliyotokea Ng'ambo, mtaa wa watu wa chini, yaliingia katika nyimbo za kundi lake yakiwa bado ya moto: karani wa serikali aliyewadhulumu watu wasiojua maandishi na mwisho akaishia kifungoni, mume mwenye mkono mwepesi, hakimu na hukumu yake. Wimbo ulipigwa nyumbani kwake jioni, ukachukuliwa asubuhi na wachota maji, ukapanda jahazi.

Wimbo uliovuka zaidi ni ule wa Kijiti. Habari yake kwa ufupi ni hii. Mwanamke mjamzito kutoka Dar es Salaam alikwenda Unguja kutembea. Mwanamume aitwaye Kijiti akawachukua yeye na wenyeji wake kwenda ngomani, wakanywa, kisha akambaka na kumuua mgeni. Kijiti akakimbilia bara. Waliofikishwa mahakamani ni wanawake wenzake, na wao ndio waliofungwa.

Nilimuuliza bibi yangu kama anaujua. Yeye ni mzaliwa wa Bagamoyo, wa Mji Mkongwe hasa, na sasa macho yake hayaoni vizuri.

"Shikamoo bibi. Unaukumbuka wimbo wa Kijiti?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nani asiyeujua? Pale kwa Mhindi palikuwa na santuri, sisi watoto tunakaa barazani. Yule mtu alivuka akaja zake huku."

"Huku wapi, bibi?"

"Si huku bara. Pengine alishukia hapahapa," akasema, akanyoosha mkono kuelekea ufukweni, akacheka. "Tumemlisha samaki."

Hakuna ushahidi wowote kwamba Kijiti alishukia Bagamoyo, na katika tasnifu yangu sitalitaja. Lakini mzaha wa bibi ulinikalia kichwani. Mwenye kosa amevuka maji, anakula samaki kwa watu wasiomjua. Walioachwa nyuma wanajibu mashtaka. Waandishi waliolipa jarida lao jina la Siti walikuwa wameanza, miaka kama tisa kabla, na vipindi juu ya msichana anayefukuzwa shule na mwanamume asiyetajwa. Sidhani kama walihitaji kikao kirefu kuchagua jina.

Jarida lilikuwa na umri wa miaka miwili lilipopata kesi iliyo karibu kuliko zote. Hapa nazungumzia chuo ninachosoma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani.

Wakati huo Mlimani palikuwa na kitu kinaitwa Punch, au Mzee Punch. Lilikuwa gazeti la ukutani: karatasi zisizo na jina la mwandishi, zilizobandikwa usiku, zenye michoro na maneno ya kumdhalilisha mwanafunzi fulani. Lilianza, wanasema wakubwa, kama kejeli kwa wenye vyeo. Kufikia miaka ya 1980 shabaha yake kubwa ilikuwa wasichana, hasa aliyemkataa mwanaume, au aliyejiona, au aliyevaa kwa namna isiyowapendeza wachoraji. Msichana "aliyepanchiwa" alitengwa, na aliyeonekana kuzungumza naye alikuwa hatarini kufuata. Levina Mukasa alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alimkataa mwanafunzi mwenzake, akasumbuliwa, akatishwa kwa Punch. Februari 1990 alijiua.

Nimesimama mara kadhaa mbele ya mbao za matangazo za Mlimani, zile za vyumba vya kupanga na mafundi wa kompyuta, nikijaribu kuliona gazeti lile. Siwezi kusema naliona. Ninachoweza kusema ni kwamba kila mtu wa kizazi changu anajua Punch ni nini bila kuambiwa, kwa sababu anayo mfukoni. Picha ya mwenzetu inayozungushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa saa tano usiku, bila jina la aliyeianza, haina tofauti kubwa na karatasi ile ila haihitaji gundi.

TAMWA waliichukua habari ya Levina na hawakuiachia. Walikuwa na mbinu waliyoiita "bang": jambo moja, wiki moja, kila chombo. Mwenye nafasi redioni anatengeneza kipindi, wa Daily News anaandika makala, wa Uhuru anaandika habari, jarida linatoka na uchunguzi mrefu, mpaka anayetaka kunyamaza anakosa mahali pa kunyamazia. Mhariri mmoja anaweza kuifinyia habari chini ya matangazo ya vifo. Hawezi kuifanya isiwepo ikiwa imeshasikika kwingine kote. Si mbinu ya ajabu. Ni Siti tena, santuri moja katika kila baraza. Punch ilipigwa marufuku chuoni. Na hapo chama kikajifunza kitu ambacho waandishi hatupendi kukikiri, kwamba kuandika peke yake hakumsaidii anayegonga mlango. Wanawake walikuwa wakifika ofisini na majeraha, baada ya kusoma jarida au kusimuliwa. Kikaanzishwa kituo cha kuwasikiliza na kuwapa ushauri wa kisheria.

Halafu wakaiendea sheria. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo watu wa mahakamani wanaiita SOSPA, baada ya kampeni ndefu ambayo TAMWA walikuwa mbele yake pamoja na asasi nyingine. Adhabu ya kubaka ikawa si chini ya miaka 30. Ukeketaji wa wasichana ukawa kosa la jinai linalotajwa kwa jina lake. Usumbufu wa kingono ukaingia katika vitabu vya sheria, miaka minane baada ya Levina.

Fatma Alloo hakubaki kwenye kiti. Alirudi kwao visiwani, akawa miongoni mwa walioasisi Tamasha la Filamu la Zanzibar, la Nchi za Jahazi, ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Wapo wanaoona hayo kama maisha mawili, mwanaharakati kisha mtu wa sanaa. Mimi nayaona ni mamoja. Mtu aliyelipa jarida la kesi za wanawake jina la mwimbaji alishasema tangu mwanzo kwamba hatofautishi.

Sasa nirudi kwenye barabara ya Msata, maana hapo ndipo historia hii inaponikera.

Kufukuzwa kwa wasichana wajawazito hakukuanza na hotuba ya Bagamoyo. Ilikuwa desturi ya shule tangu miaka ya 1960, na kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa makosa ya maadili na kwa kuolewa. Mimba ikahesabiwa humo. Visiwani, upande wa pili wa maji, wanafunzi wa namna hiyo walikuwa tayari wanaruhusiwa kurudi. Kwa hiyo mwaka 2017 ungeweza kuwa na binamu wawili, mmoja Bagamoyo na mmoja Unguja, wenye mimba za mwezi mmoja, mmoja akarejea darasani na mwingine asirejee.

Ni haki kusema pia kwamba serikali ileile ilikuwa imemkumbuka Kijiti. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayempa mimba mwanafunzi kifungo chake miaka 30. Siku ile ya hotuba Rais aliwataja wanaume hao pia. Kwenye karatasi pande zote mbili zinabanwa. Ila angalia namna kila upande unavyobanwa. Kumfunga mwanaume kunahitaji polisi, shahidi, hakimu, tarehe, na familia mbili ambazo hazijamalizana nyumbani kwa mbuzi na bahasha. Kumfukuza msichana kunahitaji kikopo cha mkojo na jioni moja.

Asasi zilizopinga zilionywa hadharani na Waziri wa Mambo ya Ndani kwamba zingeweza kufutiwa usajili. Nilikuwa shuleni, sikuyajua hayo. Nikiyasoma leo nawaona wale wa mwaka 1979, ambao hawakuwa hata na usajili wa kufutiwa.

Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliopata mimba wataruhusiwa kurudi katika shule rasmi. Kutoka vipindi vile vya redio hadi tangazo lile ni miaka 42. Tulio vijana huwa tunapenda kusema kwamba kizazi chetu ndicho kilichobadilisha, kwa alama reli na kwa kampeni za mtandaoni, na sehemu yake ni kweli. Benki ya Dunia nayo ilikuwa na mkono wake, iliposimamisha kwa muda mkopo wa elimu. Lakini neno lenyewe, kwamba mimba ya mwanafunzi ni habari ya kitaifa na wala si aibu ya nyumba fulani, lilisemwa hewani na wanawake ambao leo ni bibi zetu.

Yule msichana wa jikoni anaishi Bagamoyo. Ana mtoto wa kiume, anasoma darasa la pili, na yeye mwenyewe anakaanga samaki pale karibu na mnada. Alifanya mtihani wa maarifa kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu, kisha fedha ikakatika. Nilimtumia rasimu hii kabla ya kuipeleka popote, nikamwambia neno lolote asilolitaka litatoka. Alichelewa kujibu siku mbili. Kisha akanitumia ujumbe wa sauti, na nyuma yake nasikia mafuta yanachemka.

Alisema nimekosea jambo moja. Godoro nililoliona limesimamishwa ukutani halikuwa lake, lilikuwa la shule, la akiba. La kwake alinunuliwa na baba yake Mwenge, jipya, na aliondoka nalo siku ileile, kwenye bodaboda, amelikumbatia, mpaka Makofia.